Bi Hatamu na Farasi wa Watu

Dada yangu akiazima sufuria kwa jirani, ilirudi imesuguliwa mpaka kitako, weusi wote wa moshi umetoka. Jirani mmoja aliwahi kumwambia mlangoni, "Mama, safari hii azima na hizi mbili. Hata kama huna cha kupika, chukua tu." Watu wakacheka. Dada naye akacheka, akazibeba zote tatu, na zikarudi zinametameta.

Ndivyo alivyokuwa na vitu vya watu. Chumba alichopanga alikipaka chokaa yeye mwenyewe kila mwaka ulipokaribia kwisha, na mwenye nyumba akija kudai kodi alivua viatu bila kuambiwa. Hakuwahi kuwa na kitu kikubwa cha kwake. Mumewe alifariki mapema, binti yao wa pekee akaolewa mbali. Kwa miaka mingi dada alifua mashuka ya hospitali, na hata mashuka yale alikuwa akiyatetea. "Usilikanyage, shuka la watu hilo," alisema, ingawa aliyelilalia alikuwa amesharudi kwake au amesharudi kwa Mungu.

Jina la Bi Hatamu lilikuja baadaye, alipoingia kwenye kazi ya farasi. Lakini farasi hatukuwajulia ukubwani. Baba yetu alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la tajiri mmoja, na sisi tulizaliwa katika chumba kilichopakana na mabanda, usiku ukigeuka kitandani unamsikia farasi naye akigeuka upande wa pili wa ukuta. Mimi niliwaogopa. Nilipenda vitu vyao vya ngozi, matandiko na mikanda, nikaishia kuwa fundi viatu. Dada ndiye aliyerithi mikono ya baba. Aliweza kuingia kwa farasi mkali huku akiuvumisha puani ule wimbo usio na maneno aliouvumisha baba, akatoka amekwisha kusafisha kwato zote, na farasi bado anashangaa.

Mwenye farasi ninayetaka kumsimulia alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa mpaka unajiuliza inaingiaje kinywani mwa mtu. Alinunua farasi jike wa rangi ya kijivu kwa sababu aliambiwa kupanda farasi kutamsaidia mgongo. Alimpanda mara moja. Akaangukia kwenye tope mbele ya wanawe, na wanawe wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Baada ya hapo hakutaka tena kusikia habari za tandiko. Kumuuza nako kukamshinda, maana alikuwa amekwisha kumpenda. Akawa anaulizia mtu wa kumkodisha, akaelekezwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa mwanamke anayejua farasi.

Walipatana kwamba dada atakaa na farasi, atamlisha, atamlipa fundi wa kwato, na atamtumia kufundisha watu kupanda. Daktari atabaki kuwa mwenye mali, na mwezi ukiisha atapata sehemu yake. Bima ya farasi atailipa Daktari mwenyewe.

Siku walipokabidhiana nilikuwepo, nimechuchumaa pembeni napima mkanda wa tumbo wa tandiko, ule unaopita chini ya farasi. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali yake safi ikichota pumba.

"Mama, jambo moja tu nakuomba ulishike," alisema. "Farasi akiumia vibaya, ikafika mahali wanasema apumzishwe, yaani achomwe sindano ya kumaliza maisha, usikubali mtu yeyote amchome kabla kampuni ya bima haijaruhusu. Wakala alinisisitizia sana. Akipumzishwa bila ruhusa, fidia hakuna. Na bila fidia mimi siwezi kununua mwingine. Itakuwa ndiyo mwisho wa banda."

"Nisikubali mtu yeyote," dada alirudia.

"Yeyote."

"Hata wewe?"

Daktari akacheka. "Hata mimi, Mama. Nikija hapa nalia, nifukuze."

Dada hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga mikononi na bado hajapata mahali pa kuweka kiwiko.

Farasi alikuja na jina refu la kwenye vyeti vyake ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Siku ya pili tu dada akambandika jina la Shangazi.

"Mwangalie anavyotembea," aliniambia. "Si kama shangazi yetu akija kusuluhisha ugomvi? Hana haraka, na mkosaji keshamjua."

Ilikuwa kweli. Farasi yule alikuwa akisimama mlangoni mwa banda, anatazama fujo iliyomo, kisha anashusha pumzi puani mpaka unajiona mchafu. Jina likashika. Watoto waliokuja kufundishwa walirudi kwao wakisema, "Leo nimempanda Shangazi," na mama mmoja alikuja mbio akitaka maelezo.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa zamani, pembezoni mwa mji. Paa la bati, mlango uliokatwa katikati ili farasi atoe kichwa, pipa la maji, na chumba kidogo cha nyasi kavu kilichonukia vizuri kuliko nyumba nyingi ninazozijua. Ukutani alipiga misumari kwa mpangilio, kila hatamu na msumari wake. Tandiko lilikaa juu ya gogo nililolipara mimi, limefunikwa shuka kuukuu la hospitali ambalo aliliomba rasmi kabla hajaacha kazi. Mbele kulikuwa na uwanja wa nyasi, na hapo ndipo alipopata jina lake, maana ukipita barabarani ulimsikia kabla hujamwona.

"Hatamu, baba! Hatamu! Hujashika kamba ya mbuzi hiyo! Legeza vidole, farasi anakusikia!"

Alikuwa amevuka makamo, na wengi hukutana na furaha yao kabla ya umri huo. Yeye aliikutia pale. Nikienda kumpelekea mkanda niliotia uzi mpya, nilimkuta amekaa na Shangazi kivulini, mmoja anatafuna nyasi, mwingine anatafuna unyasi mmoja mrefu, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Kulikuwa na mwanafunzi mtu mzima, karani wa posta, mnene, mwoga, na mwenye maswali. Shangazi alimvumilia. Siku moja akiwa juu, ameshika hatamu kwa mikono miwili kama anayekunywa uji wa moto, alianza.

"Bi Hatamu, nasikia huyu ana bima."

"Anayo."

"Sasa mimi nikianguka nikavunjika?"

"Bima ni ya farasi."

"Yaani anivunje yeye, na bima awe nayo yeye?"

"Wewe ulishawekewa bima na mama yako. Nyama yote hiyo unadhani ya nini? Kaa wima."

Karani alicheka mpaka akashika manyoya ya shingo ya farasi asianguke. Lakini neno lile lilibaki na dada. Kesho yake alimfuata Daktari akamwuliza wazi: akianguka mwanafunzi, nani anamtibu? Daktari hakujua. Walipouliza ikaonekana bima yake ilihusu kifo cha farasi tu. Haikumlipia hata dawa farasi mwenyewe akiugua, wala haikumtambua binadamu aliyeanguka kutoka mgongoni mwake. Na mwenye kukodi, yaani dada, ndiye ambaye angebebeshwa lawama ya kwanza.

Dada alivaa gauni lake la kanisani akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni. Alihudumiwa na mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Yule mama alishangaa, maana wanaokodi farasi hawafiki pale, hufikiri mwenye farasi amemaliza yote. Alimwelekeza vizuri. Dada akatoka na bima yake, ndogo, ya wanafunzi wake, akiwa amefurahi kama aliyenunua kiwanja.

"Umemwuliza na ya Shangazi?" nilimwuliza.

"Ya Shangazi ni mkataba wa Daktari," alisema. "Nitauliziaje mkataba wa mtu? Ni kama kumpekua mfukoni."

Niliona kuwa ni heshima, na mpaka leo nikifikiri naona ilikuwa heshima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wanafunzi wa asubuhi walikuwa wameondoka, Shangazi amevuliwa tandiko na kuachiwa uwanjani ajinyooshe. Mimi nilifika na mkanda begani. Dada alikuwa akisuuza lijamu, kile chuma cha mdomoni, ndani ya beseni. Tulikuwa tunazungumzia mguu wa binti yake uliovimba kwa ujauzito.

Chini ya uwanja ule kulikuwa na mfereji wa zamani wa tanuri. Sisi hatukuujua. Ulifunikwa kwa matofali, juu ya matofali udongo, juu ya udongo nyasi, na watu na farasi walikuwa wameupita muda wote huo bila neno. Shangazi alikuwa akitembea tu, wala hakuwa akikimbia. Tulisikia mlio mmoja kama wa mtu anayevunja kuni kwa goti, halafu sauti ambayo sikujua kama farasi anayo.

Dada aliuacha mkono wake ndani ya beseni kwa kitambo kidogo. Kisha akakimbia.

Tulimkuta amejitoa mwenyewe shimoni na amesimama kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kushoto, chini ya goti, ulining'inia kama soksi yenye mchanga. Alijaribu kuukanyagia, akashindwa, akajaribu tena, kama hakuamini. Baadaye magoti yalimwisha akalala ubavu. Dada akakaa chini, akakipakata kichwa chake.

Bwana Mifugo alifika kwa pikipiki. Ndiye aliyetibu wanyama wote wa upande ule, ng'ombe hasa. Alipiga magoti, akaugusa mguu kwa vidole viwili, akavirudisha haraka.

"Mama," alisema, "hapa hakuna cha kuunga. Mfupa umetoka na umesagika. Ng'ombe ningekwambia tumpeleke machinjioni. Huyu nipe ruhusa nimpumzishe."

"Si wangu," dada alisema. "Mdogo wangu, mpigie Daktari."

Simu ilikuwa yangu, ya kwake ilikuwa imekwisha chaji. Nilimpigia Daktari, haikupatikana. Nikampigia mke wake. Akasema Daktari yuko angani, amepanda ndege kwenda kumwona mama yake, atashuka jioni. Yeye mwenyewe habari za farasi na bima hakuzijua.

"Basi wapigie kampuni," dada alisema.

Niliipigia. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikasema ofisi imefungwa, lakini kama ni dharura tusubiri kwenye simu, tutahudumiwa. Kisha ukaanza muziki, kinanda chepesi, cha furaha, kinachozunguka na kurudi palepale. Dada akaichukua simu akaiweka sikioni kwake mwenyewe.

Bwana Mifugo alimchoma Shangazi sindano ya maumivu. Ikamtuliza kidogo. Jicho lake kubwa likalegea, pumzi ikashuka. Jua nalo lilikuwa limesimama juu yetu. Nilileta lile shuka kuukuu la kufunikia tandiko, nikalishika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake na cha dada, kuwafanyia kivuli.

Sindano ilipoanza kuisha nguvu, Shangazi alitaka kuinuka. Farasi akiwa na maumivu hukimbia, ndiyo dawa anayoijua. Alikuwa akiurusha mwili wote, mguu ule unaburuzika, kisha anaanguka tena na dada anaanguka naye. Jasho lilimtoka mpaka nyasi zikalowa. Bwana Mifugo akamchoma tena, na safari hii haikusaidia kama ile ya kwanza.

"Mama, nakuomba," alisema. "Mimi mambo ya bima siyajui. Ninachokijua ni hiki kilicho mbele yangu. Ndani ya begi hili ninayo dawa. Ni kumaliza tu."

"Nikikuruhusu, Daktari anapoteza farasi na anapoteza fidia."

"Farasi keshampoteza!"

"Fidia je? Na banda?"

"Daktari ni mtu mwelewa, atakuelewa."

"Aliniambia nisikubali mtu yeyote. Hata yeye."

"Mama, huyu anateseka!"

"Unadhani sioni?" Dada aliinua uso. Sijawahi kuuona uso wake vile, hata siku ya msiba wa mumewe. "Angekuwa wangu ungekuwa umeshamaliza na umeshaondoka. Si wangu, Bwana Mifugo. Si wangu. Mimi nimekabidhiwa."

Bwana Mifugo akaenda kusimama karibu na pikipiki yake, ametupa mgongo. Naye pia alikuwa amefungwa mikono. Hawezi kuua mnyama wa mtu wakati aliyekabidhiwa anakataa.

Muziki uliendelea. Kila baada ya muda ulikatika, dada akashtuka, "Haloo?", halafu ile sauti ya kurekodiwa ikasema asante kwa kusubiri, na kinanda kikaanza upya. Aliinamisha kichwa juu ya sikio la Shangazi akaanza kuvumisha wimbo wa baba. Upande mmoja kinanda cha bima, upande mwingine wimbo wa baba, na katikati farasi akikoroma.

Karani wa posta alifika kwa somo lake la mchana. Alikuja na kofia yake mpya ya kupandia farasi mkononi. Alipotuona aliiacha ikaanguka. Nilimweleza kwa maneno machache, yeye akawa ananitazama mimi na kumtazama dada.

"Yule mama wa bima mwenye miwani?" akauliza. "Nampelekea barua zake mwenyewe nikipungukiwa na watu. Najua anapokaa."

Nikamwandikia namba ya simu yangu kiganjani, akapanda baiskeli yake. Mtu yule mzito, mwoga, aliyekuwa akiomba ashushwe Shangazi akiongeza mwendo kidogo tu, sijaona mtu akikanyaga baiskeli namna ile.

Tukabaki. Vivuli vilianza kurefuka. Shangazi hakujaribu tena kuinuka, alitetemeka tu ngozi, kama anayefukuza nzi ambao hawapo. Mara moja alipeleka mdomo kwenye mfuko wa dada, mahali palipokaa vipande vya karoti. Havikuwemo.

Hatimaye muziki ukakatika kabisa, na simu ikaita. Dada hakujua kuibonyeza vizuri, sauti ikatoka nje, wote tukasikia.

"Bi Hatamu? Ni mimi, wa bima. Nimeambiwa farasi amevunjika mguu. Bwana Mifugo yuko hapo?"

"Yupo, mama. Tunasubiri ruhusa yenu."

"Yeye amesemaje?"

"Amesema haponi. Amesema apumzishwe."

"Amesema lini?"

Bwana Mifugo akasema kwa sauti, kutoka kule kwenye pikipiki, "Tangu adhuhuri!"

Kisha yule mama akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya huruma, nadhani ndiyo iliyoumiza zaidi:

"Sasa mnasubiri nini, mama? Ruhusa inatakiwa kwa jambo linaloweza kungoja. Mnyama akiwa hatapona na anateseka namna hiyo, daktari wa mifugo anaamua palepale. Anampumzisha, anaandika cheti, nyinyi mnatujulisha. Fidia haipotei. Imo kwenye mkataba, na wakala husema kila mara. Nani aliwaambia msubiri?"

Dada alimpangusa Shangazi jasho la usoni.

"Asante, mama," dada alisema baadaye.

Aliifuta simu yangu kwenye gauni lake, mbele na nyuma, akanirudishia. Hata saa ile hakusahau kwamba ni ya mtu.

"Bwana Mifugo," akaita. "Njoo umsaidie."

Haikuchukua muda. Hilo ndilo nililolishangaa, kwamba jambo lililongojewa hivyo lilikuwa fupi hivyo. Dada hakutoa mkono kichwani mwa Shangazi. Wimbo ulikuwa haujafika mwisho wake wakati Bwana Mifugo aliposema basi, lakini dada aliumaliza.

Daktari alirudi kesho yake. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja, sanduku lake bado lina karatasi ya ndege. Alikuta banda limefagiliwa, pipa limejazwa maji kana kwamba kuna wa kuyanywa, na dada amesimama mlangoni amefunga mikono. Alitaka kusema, machozi yakamtangulia.

"Wakala aliniambia yote mawili," alisema. "Sasa ndiyo nakumbuka. Aliniambia ruhusa, akaniambia na dharura. Mimi nikashika moja. Nikakupa nusu, Mama. Nikakupa nusu."

"Ulisema ukija unalia nikufukuze," dada alimwambia.

"Nifukuze."

Dada aliingia ndani. Akatoka na ile ndoo, akaipindua, akaipangusa kwa kiganja. Daktari akakaa. Dada akasimama karibu naye mpaka alipoondoka.

Fidia ililipwa bila ubishi. Yule mama wa bima alikuja mwenyewe kuleta habari, akakaa na dada kivulini kwa muda mrefu. Haukupita muda Daktari akanunua farasi mwingine, dume la kahawia, kijana, mwenye doa jeupe usoni. Alimleta mpaka bandani. Alimwambia dada kwamba hatamkabidhi mtu mwingine yeyote, na kwamba safari hii watasoma mkataba pamoja, neno kwa neno, mbele ya yule mama wa bima.

Dada alimzunguka farasi. Alimtazama kwato, akamtazama meno. "Mzuri," alisema. "Mpe mtu mwingine, Daktari."

Alirudisha vyote. Nilimsaidia kuvibeba. Tandiko, lijamu, brashi, hatamu zote zimepakwa mafuta mpaka zinajikunja zenyewe. Daktari alivipokea akiwa ameinamisha kichwa. Vilikuwa vizuri kuliko siku vilipotoka dukani.

Njiani nilimwambia, maana nilidhani ndiyo maneno ya kumfariji, "Dada, ulisubiri kwa sababu ya uaminifu. Hakuna atakayekulaumu."

Alipunguza mwendo.

"Si uaminifu peke yake," alisema. "Watu wanasema hivyo na mimi nawaacha waseme. Nilikuwa nafikiria farasi anayefuata, mdogo wangu. Nimekipakata kichwa chake, ananitazama, na mimi nafikiria nisipoharibu fidia nitaletewa mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia jina."

Mimi si msemaji hata siku za kawaida. Nilihamishia mzigo bega la pili, ingawa tulikuwa tumeshauacha mzigo wote kwa Daktari na begani hakukuwa na kitu ila mkono wangu.

Sasa dada anafua nguo za watu nyumbani kwake. Nguo zinarudi na vifungo ambavyo hazikwenda navyo. Karani wa posta humpelekea zake, na hukaa kuliko inavyohitajika, akimwuliza maswali ya kijinga makusudi ili atukanwe kidogo. Siku nyingine hufanikiwa. Kwenye duka lililo chini ya nyumba yake waliweka simu inayopiga muziki ukisubirishwa, si hata ule wa kampuni ya bima, na dada akahamishia kamba yake ya kuanikia upande wa pili wa ua.

Farasi wa kahawia alikodishwa kwa msichana mmoja, mchangamfu, anayejua kazi. Mabanda mengine mawili yamejengwa karibu na pale, mfereji umefukuliwa na kujazwa kokoto. Dada hajawahi kuingia tena uwanjani. Lakini akisikia kuna mtu mpya aliyekodi farasi, huvaa lile gauni la kanisani akaenda mpaka kwenye lango, na hapo husimama. Juzi nilimsindikiza kwa huyo msichana.

"Karibu ndani, Mama!" msichana alisema. "Njoo umwone, mpole huyo, kama kondoo."

"Hapa panatosha, mwanangu. Nina swali moja. Akivunjika, nani anaamua?"

"Daktari alinieleza, tukasoma wote."

"Nini kinangoja ruhusa, na nini hakingoji?"

Msichana akaanza vizuri. Katikati akasita. Akasema anadhani ni hivi, kisha akasema labda ni vile.

"Mpigie yule mama wa bima," dada alisema. "Sasa hivi."

"Nitampigia jioni, Mama, sasa hivi nina mwanafunzi."

"Mwanafunzi atasubiri."

Msichana alinitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu. Akatoa simu, akapiga, akasogea pembeni. Farasi wa kahawia alitoa kichwa juu ya mlango wa banda, akashusha pumzi puani, ndefu. Dada alikuwa amempa mgongo. Alikaza kitambaa chake cha kichwa, akakishika fundo kwa mkono mmoja, akaendelea kusimama pale langoni mpaka msichana alipomaliza kuzungumza.